Nusu ya Mama Waya

Asubuhi ile seva ya hospitali ilimkataa bwana wake. Aliandika jina lake na neno lake la siri kama alivyofanya kila siku ya kazi, na skrini ikamjibu kwa maandishi mekundu kwamba haimjui. Akarudia polepole, kidole kimoja kimoja. Haimjui. Akawasha kitufe cha herufi kubwa, akakizima, akaandika tena huku akitamka kila herufi kwa sauti. Wapi! Mtu aliyeilea mashine ile tangu ilipotolewa kwenye boksi alikuwa amesimama mbele yake kama mgeni mlangoni.

Pale kazini aliitwa Mitambo, na sidhani kama kuna aliyekumbuka jina lake jingine. Jioni ya jana aliiacha seva ikipokea sasisho ambalo mkurugenzi alikuwa amelishikia bango, eti hospitali nyingine zote zimeshasasisha, sisi tu ndio tuko nyuma. Katikati ya kazi umeme ukayumba, sasisho likakatikia njiani, na mashine ilipoinuka ilikuwa imesahau orodha nzima ya watu wake. Madaktari, wauguzi, watu wa maabara, wa dawa, na msimamizi mwenyewe, wote ilikuwa haiwajui.

Huko chini, kwenye madirisha ya mapokezi, foleni ilikuwa imeshapinda kona. "Mfumo hausomi, jamani, mtuvumilie kidogo," dada wa mapokezi aliwaambia watu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza kama huo mfumo unajua kwamba mtoto ana homa. Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Daktari hakuweza kuona faili la mgonjwa, maabara haikuweza kutoa majibu, na dirisha la dawa lilikataa kutoa hata kidonge bila kuona daktari ameandika nini.

Njia ilibaki moja tu. Ndani ya seva kulikuwa na akaunti ya dharura isiyotegemea orodha ile, na neno lake la siri lilikuwa refu, limegawanywa mafungu mawili ili mtu mmoja asiweze kuingia peke yake. Nusu ya kwanza ilikuwa kichwani mwa Mitambo. Nusu ya pili ilikuwa kichwani mwa mke wake.

Na mke wake alikuwa hajasema naye hata neno moja tangu siku alipopunguzwa kazi.

Mkurugenzi alipanda mwenyewe hadi chumba cha seva, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisimama mlangoni akijikunyata kwa baridi ya kiyoyozi.

"Inafunguka lini?"

"Nashughulikia, bosi."

"Sikukuuliza unafanya nini. Nimekuuliza lini."

Mitambo akaeleza. Akaeleza habari ya akaunti ya dharura, habari ya mafungu mawili, na utaratibu wao wa tangu zamani, kwamba anayeandika anaandika na mwenzake anageukia ukutani, kisha wanabadilishana. Mkurugenzi alisikiliza huku akipumua kwa hasira.

"Na huyo mwenzako ni nani?"

"Mke wangu."

"Mama Waya? Yule tuliyempunguza?"

"Huyo huyo."

"Ngoja kwanza. Mtu aliyeondoka hapa mwaka jana bado ana nusu ya ufunguo wa hospitali yangu? Hukubadilisha?"

"Sikubadilisha, bosi."

"Kwa nini?"

Sasa hapo mwanaume yule angejibu nini? Sheria aliijua, yeye ndiye aliyeiandika. Anayeondoka, fungu lake hufutwa na mwingine huandika lake juu yake. Kila alipopanga kulifanya jambo hilo alijitafutia kazi nyingine. Kiti cha mkewe kilikuwa kimeshapelekwa masjala, kikombe chake kilipotelea jikoni kwa wafagiaji, sweta alilokuwa akivaa kwa ajili ya baridi ile alilichukua mwenyewe. Nusu ile ya neno la siri ndiyo kitu chake pekee kilichobaki mle ndani, na Mitambo hakuwa na moyo wa kumkalisha mtu mwingine pale akifute. Maneno kama hayo mtu mzima hawezi kumwambia mkurugenzi. Akasema alisahau.

"Ulisahau." Mkurugenzi akatoa simu yake. "Nipe namba. Atasema sasa hivi, uandike, tuendelee na kazi."

Simu ikapokelewa. Mitambo alisikia sauti ya mkewe kwa mbali, ndogo, ya adabu. Ilikuwa sauti ya kuongea na watu, ile ambayo yeye alikuwa ameshanyimwa.

"Hapana, mkurugenzi," sauti ile ilisema. "Fungu langu halisemwi kwa simu. Naliandika mwenyewe, hapo hapo, mwenzangu akiwapo. Ndio utaratibu. Mkinihitaji, mje mniite vizuri." Simu ikakatwa.

Mkurugenzi aliitazama simu, kisha akamtazama Mitambo. "Hivi si mnaishi nyumba moja?"

"Nyumba moja, bosi."

"Na chumba kimoja?"

Mitambo akageukia skrini.

"Makubwa haya," mkurugenzi alisema, na safari hii kwa huruma, na huruma ile ikamchoma Mitambo kuliko hasira. "Nenda kamwite hivyo vizuri anavyotaka. Mfumo usiposoma leo, kiti chako nacho kitatafutiwa masjala."

Nyumbani, mama yake Mitambo alikuwa sebuleni na redio yake pajani. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akibeba maneno ya nyumba ile. Mwambie mwanao chakula kiko mezani. Mwambie mkweo nitachelewa. Mwambie mwanao gesi inaisha. Wote watatu wakiwa chumba kimoja, maneno yalipita kwake kwanza.

"Mama, yuko wapi?"

"Nani? Humu tuko wanawake wawili, na mmoja ndiye huyu unayeongea naye."

"Mama, tafadhali."

"Yuko uani anaanua nguo. Haya, nimpelekee nini leo? Maana kwa uso huo, naona mzigo ni mkubwa."

"Leo nakwenda mwenyewe."

Bibi akazima redio. Jambo hilo hakutaka limpite.

Mama Waya alikuwa katikati ya mashuka, vibanio vya nguo mdomoni. Jina hilo alipewa hospitalini kwa tabia yake ya kutundika waya shingoni wakati wa kazi. Alimwona mumewe akija, akaendelea kuanua. Mitambo akasimama upande wa pili wa shuka na kuanza kulieleza lile shuka. Akasema sasisho limekatikia njiani. Akasema umeme uliyumba, mashine imesahau watu wote, nakala za akiba nazo zimefungwa kwa ufunguo uleule, na foleni imefika barabarani. Akasema kuna watoto wana homa.

Shuka likashuka. Mkewe alikuwa amekunja uso, si kwa chuki bali kwa kufikiri. Akatoa vibanio mdomoni.

"Mama," alisema, akimgeukia mkwewe aliyekuwa ameshafika mlangoni, "muulize mwanao, seva aliichomeka kwenye betri ya akiba au ukutani?"

"Anauliza—"

"Nimesikia, Mama. Ukutani. Betri ya akiba ilikufa."

"Muulize, aliomba nyingine?"

"Niliomba mara moja. Wakasema hakuna fedha za hiyo."

"Muulize, baada ya hapo?"

Mitambo aliangalia beseni la nguo. Juu kabisa kulikuwa na shati lake mwenyewe, limekunjwa vizuri, mikono imelazwa nyuma. Mwanamke yule alikuwa hasemi naye na bado akimkunjia mashati. Sijui kama mwenzangu unaona jinsi jambo hilo linavyouma kuliko kama angeyatupa.

"Baada ya hapo nikanyamaza," alisema.

"Amenyamaza," bibi akatangaza, ingawa mkwewe alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale.

"Hilo nalijua, Mama. Ndiyo kazi anayoiweza." Mama Waya akainua beseni, akaliweka kiunoni. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu. "Mwambie siendi kwa ajili yake. Naenda kwa ajili ya walioko kwenye foleni. Anisubiri nivae viatu."

Walitembea, mwanamke mbele, mwanaume nyuma. Walipita dirisha la fundi cherehani, wakapita ukuta uliobandikwa matangazo, wakavuka barabara penye kivuko, mke akavuka upande wake na mume upande wake. Njia hiyohiyo walizoea kuitembea pamoja kila asubuhi wakibishana ni nani kasahau kuzima taa ya jikoni. Mitambo alitamani hata ugomvi ule. Angekubali kwamba ni yeye aliyesahau, siku zote.

Kwenye lango la hospitali mlinzi alisimama haraka, tabasamu likamtoka. "Mama Waya! Loo, umetupotea!" Kisha akakumbuka kazi yake, tabasamu likafifia. "Mama... naomba kitambulisho. Ni agizo jipya. Mtu asiye mfanyakazi lazima aandikwe."

"Mimi huyu?"

"Nisamehe, mama yangu. Kamera inaniona."

Akatoa kitambulisho. Mlinzi akaandika bila kumtazama. "Umekuja kumwona nani?"

"Andika seva."

Mlinzi akaandika hivyohivyo. Kisha akamvisha kadi yenye neno MGENI, utepe mrefu uliofika tumboni. Mitambo alikuwa pembeni na kadi yake ya kazi kifuani. Alitaka kusema, mwache huyu, huyu si mgeni. Maneno yalikuwa hapo hapo kooni. Aliyatafutia mpangilio mzuri, na alipoyapata, mkewe alikuwa ameshapita lango na kuanza kupanda ngazi.

Mkurugenzi alikuwa akingoja nje ya chumba cha seva pamoja na daktari wa zamu na watu wengine wasiokuwa na kazi ya kufanya kwa sababu ya mfumo. Alitaka kuingia nao. Mama Waya akasimama mlangoni.

"Tunaingia wawili tu, mkurugenzi."

"Hii ni hospitali yangu, mama."

"Na neno la siri ni letu. Likiisha kutumika mtaweka lenu."

Mkurugenzi akarudi nyuma. Mlango ukafungwa, na baridi na mngurumo wa mashine vikawapokea kama zamani. Kiti kilikuwa kimoja. Mitambo akaketi, mkewe akageukia ukutani, na yeye akaandika nusu yake. Kisha akasimama, akampisha, akaenda pale pake ukutani penye ufa wa rangi, ufa alioutazama mara nyingi huku vidole vya mkewe vikigonga herufi nyuma yake.

"Usigeuke," mkewe alisema.

Mitambo alidhani ameota. Hakukuwa na mama yake mle ndani, wala mtu mwingine wa kupitishia neno lile. Lilikuwa la kwake yeye, Mitambo.

"Lakini utaratibu..."

"Leo ndiyo mwisho wake. Mkishaingia mtalifuta. Njoo utazame."

Akaja akasimama begani pake. Kwenye skrini zilitokea nukta tu, kama kawaida, lakini kibodi ile Mitambo aliijua hata gizani. Akavisoma vidole. Mkewe aliandika polepole, kwa makusudi, herufi baada ya herufi, maneno yameunganishwa bila nafasi, na yeye akawa anayatenganisha kichwani:

nikionewa huyu atanisemea mbele ya watu

"Nililiandika siku ile tulipoifunga mashine hii," mkewe alisema, bado anatazama skrini. "Ulikuwa umegeukia pale ukutani, unapiga mluzi. Nikafikiri, neno gani sitalisahau kamwe? Nikaandika hilo." Akabonyeza kitufe cha mwisho. "Na kweli sijalisahau."

Seva ikafunguka.

 Mitambo alikiona tena kile kikao cha kupunguza wafanyakazi, meza ndefu, chupa za maji, mkurugenzi akimuuliza mbele ya wakuu wa vitengo, Mitambo, kati yenu wawili nani hapa hawezi kukosekana, na yeye akiitazama kalamu yake mpaka mkurugenzi akajijibu mwenyewe kwamba basi mama apumzike, si mumewe yupo. Mkewe alikuwa ameketi mkabala naye. Alikuwa amemtazama muda wote.

"Fanya kazi," Mama Waya alisema. "Watu wanangoja."

Wakafanya. Mke akatoa maelekezo, mume akafuata. Wakalirudisha nyuma lile sasisho lililokatika, wakafungua nakala ya akiba, wakairudisha orodha ya watu. "Siyo hiyo, ya chini yake," mkewe alisema, na mara nyingine, "Ngoja, ngoja, usibonyeze bado," na katikati ya shughuli akachukua waya uliokuwa juu ya meza na kujitundika shingoni, juu ya utepe wa ile kadi, bila kujua. Mitambo aliona. Kwa muda ule mfupi alikuwa na mke, na aliomba kazi isiishe. Lakini kazi waliijua mno. Kutoka chini ikasikika sauti ya dada wa mapokezi, "Umesoma! Jamani, umesoma!" na watu kupiga makofi.

"Mke wangu," Mitambo alisema. "Nisamehe. Siku ile nilipaswa kusema. Niliogopa tutakosa wote wawili, nikanyamaza. Nilikuonea kuliko wao."

Mama Waya akauona waya shingoni mwake. Akautoa, akauzungusha vizuri, akauweka mezani.

"Humu hakuna watu," alisema, akafungua mlango.

Ukumbini mkurugenzi alikuwa amechangamka. "Mnaona? Nilisema Mitambo hashindwi!" Akampa Mama Waya bahasha ndogo. "Mama, hii ya soda. Tunashukuru sana kwa ushirikiano."

Mama Waya hakuipokea. "Nunulieni betri," alisema, akawaaga wote kwa adabu, akashika ngazi.

Mtu mmoja akacheka. Mkurugenzi naye akacheka, akairudisha bahasha mfukoni. "Haya, kila mtu kazini. Mitambo, kesho hilo fungu la pili litaandikwa na msaidizi wangu. Tusirudie mambo haya."

Angeweza kunyamaza tena. Mfumo ulikuwa unasoma, kiti chake kilikuwa salama, bosi alikuwa akitabasamu, na hakuna mtu pale ambaye angemlaumu.

"Bosi, naomba niseme."

Sauti ilitoka nyembamba, si yake. Watu waliokwisha geuka wakasimama.

"Sema haraka."

"Kwenye kile kikao uliniuliza nani hawezi kukosekana, nikanyamaza. Jibu lilikuwa ni yeye. Mashine hii aliifunga yeye, mimi nilikuwa namshikia tochi. Alionewa, na mimi nilikuwapo, na sikumsemea. Ndiyo maana hasemi na mimi nyumbani. Nilitaka mjue."

 Daktari alitazama viatu vyake. Dada wa mapokezi, aliyekuwa amepanda kuja kuwashukuru, alibaki na mkono mdomoni.

"Umemaliza?" mkurugenzi aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nisubiri ofisini kwangu."

Mitambo aligeuka kumtafuta mkewe. Ngazi zilikuwa tupu. Akashuka mbio, akapita foleni iliyokuwa ikisogea sasa, akafika langoni anahema. Kadi ya MGENI ilikuwa juu ya meza ya mlinzi, utepe wake umezungushwa vizuri.

"Ametoka?"

"Ameshakata kona, Mitambo," mlinzi alisema. "Nilimwambia akusubiri."

Alirudi nyumbani jua likiwa bado halijazama, amesimamishwa kazi hadi hapo atakapoitwa. Mama yake alimwangalia usoni, akanyanyuka na redio yake. "Leo posta imefungwa," alisema, akaenda chumbani kwake.

Mama Waya alikuwa jikoni akisugua sufuria. Mitambo akaketi kwenye meza ndogo ambako sahani yake ilikuwa imefunikwa.

"Nimesema," alisema.

"Nimeambiwa. Dada wa mapokezi amenipigia."

"Mbele ya wote."

"Ameniambia hivyo."

"Wamenisimamisha."

"Hilo pia nimeambiwa." Akaisuuza sufuria, akaipindua, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akakikunja kitambaa kile mara mbili, kona juu ya kona.

"Ningependa kuwa mmoja wa hao watu waliosikia," alisema.

Akachukua sahani yake, akaingia chumbani, akaurudisha mlango.

Mitambo alibaki na chakula chake na kiti kitupu mbele yake. Akasikia redio ya mama yake upande mmoja na kijiko cha mkewe kikigonga sahani upande mwingine. Watu wawili. Akasimama, akajifunga kifungo cha shati, akashika ukingo wa meza.

"Bosi, naomba niseme," alianza, na sauti ikatoka nyembamba vilevile.

Redio ikazimwa. Nyuma ya ule mlango mwingine kijiko nacho kikanyamaza. Mitambo akavuta pumzi, akarudia yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa.